Ncha Yenye Wino

1

Ukitaka kujua mtu ni mjinga kiasi gani, mpe cheo, halafu mwambie mtambo umeharibika. Mkurugenzi Mwakajila alipoambiwa kwamba Ukoo, mtambo unaotunza mahusiano ya wakazi wote wa jiji, umechemka kupita kiasi na ni lazima uzimwe uwashwe upya, swali lake la kwanza lilikuwa kama siku ya kuuwasha kutakuwa na kwaya.

Aliyemletea habari hiyo mlangoni alikuwa Tusekile. Yeye ndiye alikuwa mhandisi wa mahusiano wa Jiji la Lusungo, kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote na aliyoidharau kuliko mtu yeyote. Akaondoka pale mlangoni bila kuaga, akajifungia kwenye chumba cha majaribio, akatoa nakala ya Ukoo mzima, akaizima, akaiwasha tena. Ndivyo afanyavyo mwenye akili zake: unaua nakala kwanza, ndipo uguse mtambo wenyewe.

Nakala ilipoamka, jiji lilikuwa limepungua.

Mwanzoni alicheka. Kwenye ramani ya ukutani kila mkazi wa Lusungo alikuwa taa ndogo ya kijani, na sasa katikati ya taa hizo kulikuwa na mashimo meusi kila mahali. Akagusa shimo moja. Mjane. Akagusa jingine. Mjane na wanawe. Akagusa la ngazi ya chini kabisa, mjane tena. Akaacha kucheka, akaandika jina lake mwenyewe.

Tusekile, mjane wa Lugano, ngazi ya nne: hayupo. Bupe, binti wa Tusekile: hayupo.

"Ebo!" akasema peke yake. "Mpaka mimi?"

Kukosekana kwenye Ukoo si jambo la mzaha. Lusungo limejengwa ngazi juu ya ngazi kwenye mabega ya mlima unaopumua, na pumzi yenyewe ni hewa nzito, isiyo na rangi wala harufu, inayotambaa chini na kujaza mabonde na kumlaza mtu usingizi asioamka. Ndiyo maana jiji zima liko chini ya kuba, na kila mlango unafunguka kwa watu wake tu, wale ambao Ukoo unasema ni wa nyumba ile. Asiye na nyumba anaitwa yatima, hata awe na mvi kichwa kizima. Na yatima hufagiliwa. Jina lake linafutwa, milango inamkataa, kuba linamtoa nje. Akifagiliwa mama, mtoto anaporomoka naye. Wajuaji waliotunga sheria hiyo waliiita usafi wa kumbukumbu, na hao hao wakarudi nyumbani wakala chakula cha jioni na familia zao.

Tusekile akafungua mchoro kutafuta chanzo. Ukoo uliandikwa kwa Java, lugha kongwe ya kompyuta ambayo waliokuwa wakiiota usingizini walishakuwa udongo. Watu wamejifunza kuchuja pumzi ya mlima, wamepanda migomba ndani ya mwamba, lakini kuachana na Java wameshindwa. Akapekua kurasa huku akisonya, na hakuchukua muda akaliona kosa. Lilikuwa kubwa, la kale, na la aibu.

Katika mchoro ule, uhusiano wowote wa watu wawili una ncha mbili. Mkwe anamwona mkamwana wake, mkamwana anamwona mkwe wake, na ukitazama unaona wameshikana vizuri. Lakini ghala la kumbukumbu haliandiki jambo moja mara mbili. Ncha moja tu ndiyo yenye wino. Ile ya pili ni kioo, inaonyesha tu kilichoandikwa upande wa wino. Ukija ukaandika upande wa kioo, mtambo haukukatalii, tena unakuonyesha taa ya kijani kabisa, kumbe umeandika kwa kidole kwenye mvuke. Siku mtambo ukizimwa mvuke unakauka.

Na wino huwekwa upande wa walio wengi. Mzee mmoja anaweza kuwa na wakamwana lukuki, ila mkamwana ana baba mkwe mmoja, kwa hiyo ni rahisi kila mwanamke abebe jina moja kuliko mzee abebe furushi. Kwa mama na watoto ni vivyo hivyo. Mtoto ndiye mwenye wino, kwake kuna nafasi moja ya jina la mama, ukiandika jipya la zamani linafutika moja kwa moja. Na mama anayetajwa na mtoto mwenye nyumba yake ana mlango kwa mtoto huyo, mtoto apende asipende; mtoto mdogo hana nyumba ila ya mama yake. Wino wenyewe ni sauti. Unaingia Ukumbi wa Matamko, unatamka kwa kinywa chako, na hakuna awezaye kukutamkia, hata mhandisi.

Mantiki safi. Ila waliochora hayo hakuna hata mmoja aliyewahi kuolewa Lusungo.

Maana mkamwana wa Lusungo hamtaji baba mkwe. Hamtaji jina, hamtazami usoni, hasemi naye hata neno. Wakikaribiana kwenye ngazi, mzee anakohoa kwa mbali, mwanamke anageukia ukutani, mzee anachepuka anapita. Sasa mwambie bibi harusi aingie ukumbini mbele ya ndugu wote alitaje jina la mzee huyo! Makarani wakabuni ujanja wao. Bibi harusi anaingia chumba cha wanawake ananyamaza, mzee anaingia chumba cha wanaume anasema "huyu ni mkamwana wangu," taa inawaka kijani, vigelegele, watu wanakimbilia ndizi na nyama. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama kuna kitu kilichoandikwa. Kwa mwenye mume hai haikudhuru kitu, kwa kuwa amejiandika kwa mumewe. Mume akifa, ncha ile inafungwa, na mjane anabaki kushikiliwa na ncha ya mkwe peke yake. Na ncha hiyo haikuwahi kuandikwa.

Hata yeye, siku ya harusi yake na Lugano, alisimama kwenye kile chumba akanyamaza kama gogo. Alinyamaza huku akiicheka mila yenyewe moyoni, lakini alinyamaza.

2

"Geuza," alisema Mkurugenzi Mwakajila.

Alikuwa ameketi nyuma ya meza pana isiyo na kitu chochote juu yake. Watu wa aina hiyo meza zao huwa safi siku zote.

"Nigeuze nini?"

"Wino. Wapewe wazee, wanawake wawe kioo. Sauti za wazee si tunazo kwenye kanda za ukumbi, hata kama Ukoo haukuziandika? Walishatamka wote, walio hai na waliokufa. Nasikia ni kubadilisha mstari mmoja tu."

Iliuma kwa sababu ilikuwa kweli. Ilikuwa mstari mmoja. Angeugeuza pale pale, na kesho Ukoo ungeamka na wajane wake wote, na Bupe angekwenda shule kama kawaida.

"Na mzee akiamka vibaya siku moja," Tusekile akasema, "akaenda ukumbini akamtoa mkamwana kwenye orodha yake?"

"Wazee wetu hawana tabia hiyo."

"Na mzee akifa, orodha anarithi nani?"

"Mwanawe mkubwa, nadhani."

"Shemeji! Shemeji ambaye miaka yote anavitolea macho vyumba vya mjane. Mkurugenzi, leo mwanamke akitaka kutoka anajitoa mwenyewe. Hakuna wa kumtoa, kwa kuwa ncha ni yake. Ukimpa mwanamume wino huo umempa na kisu. Anamfuta mjane kwa neno moja, mtoto anaporomoka naye, na wewe utakuwa hapa hapa unauliza habari za kwaya."

Mwakajila hakukasirika. Alikuwa amezoea kudharauliwa na Tusekile kama watu wanavyozoea mbu.

"Mama Bupe," akasema polepole, "kisu hicho huenda kikatumika, huenda kisitumike. Mwamko wa Ukoo ni kesho mchana, huo hauna huenda. Unataka wanawake watolewe nje ya kuba kwa sababu wewe unaogopa mashemeji?"

Hilo lilimkera Tusekile kuliko yote, kuzidiwa hoja na mtu ambaye hajui hata kifuniko cha mtambo kinafungukia upande gani.

"Watamke wenyewe," akasema. "Niwaite ukumbini kesho asubuhi, kila mmoja amtaje mkwe wake. Ncha zinabaki kwao na wanaokoka."

"Watamke?" Mwakajila akaangua kicheko. "Wewe umezaliwa wapi? Haya, waite. Ikifika saa ya Mwamko na kuna hata mmoja aliyebaki nje, utageuza. Funguo unazo wewe. Mimi nimeshasema."

"Kusema ndiyo kazi yako," alijibu Tusekile, akatoka.

3

Wajane wa ngazi ya nne aliwakuta kwenye mabeseni ya kufulia, wamekunja mikono ya blauzi, wanateta watu. Walipomwona walipunguza sauti. Hawakumpenda, na hakuwa amewapa sababu ya kumpenda. Alikuwa na tabia ya kupita hapo na mkoba wake wa kazi bila kusalimia mtu, kana kwamba wao ni nguo zilizoanikwa.

Aliwaeleza kwa lugha rahisi, ile ambayo watu wenye dharau hutumia wakidhani wanasaidia. Mtambo. Wino. Kioo. Kesho. Alipofika kwenye neno kufagiliwa, maji yaliacha kulia kwenye mabeseni yote.

"Kwa hiyo mnaingia, mnalitaja jina, mnatoka. Basi. Kazi ya kufumba na kufumbua."

"Jina la nani?" aliuliza Sekela.

Sekela ndiye alikuwa mkubwa wao. Mumewe alikufa akifanya kazi kwenye mashimo ambayo mlima unapumulia, na mwanawe wa pekee akafia huko huko, kwa hiyo alikuwa hana mtoto wa kumtaja wala mume wa kumshika. Mkwe wake naye alikuwa marehemu wa siku nyingi. Aliishi kwenye vyumba viwili ambavyo shemeji yake alikuwa akipita kuvikagua, mara aguse mlango, mara apime dirisha kwa mikono.

"La baba mkwe wako, bibi. La nani tena?"

Sekela akafuta mikono yake kwenye kanga bila haraka. "Niliingia nyumba ile nikiwa kigori. Mzee yule sijamtaja akiwa hai, sijamtaja siku ya msiba wake, na wenye jina moja na yeye nawaita kwa jina jingine. Leo nimtaje kwa kuwa mtambo wenu umepata homa?"

"Atakusikia wapi? Si amekufa!"

"Mimi nitajisikia."

"Huu ni ujinga, bibi," alisema Tusekile, na sasa hakujificha tena. "Ujinga mtupu. Ni jina tu! Sauti inatoka mdomoni, inaisha. Utakubali kulazwa na hewa nzito kwa ajili ya jina?"

Wanawake wengine walitazama chini. Sekela peke yake ndiye aliyemtazama usoni.

"Sawa," akasema. "Wewe msomi. Litaje la kwako, hapa hapa, tukusikie."

Tusekile alifungua kinywa. Jina lilikuwepo, alilijua vizuri, kila siku aliliona kwenye ramani ya kazini kama aonavyo majina ya watu wengine. Akakifunga. Akacheka kidogo kwa puani.

"Nitalitaja kesho ukumbini, mbele yenu wote. Mtaona kama kuba litaanguka."

"Haya. Tutakuja kukusikiliza," alisema Sekela, akarudi kwenye beseni lake. "Na ukija siku nyingine, salamu haitozwi ushuru."

Alipokuwa akipanda kwenda nyumbani alisikia kikohozi kwa mbele. Akageukia ukutani, mguu ukafanya hivyo wenyewe. Hatua za mzee zikasogea kando, zikapita, zikaenda. Huyo ndiye baba yake Lugano, yule mzee wa kukohoa, kama alivyomwita moyoni. Tangu Lugano azikwe, mzee huyo hakuwahi kutuma neno hata kwa mtu. Anachepuka tu. Tusekile alishaamua zamani kwamba mzee anamdharau, na alimrudishia dharau hiyo kwa riba.

Asubuhi, kabla ya kwenda ukumbini, alipitia kazini na kufungua ukurasa wake mwenyewe kwenye Ukoo, kama alivyofanya kila asubuhi akidhani hakuna anayejua. Kwenye nafasi ya mama paliandikwa: Anyosisye. Mama yake alipotelea bondeni Tusekile akiwa mdogo, hakukuwa na kaburi, hakukuwa na picha. Jina hilo, kwa sauti ya kitoto iliyolitamka siku ya kuandikishwa shule, ndicho kitu pekee kilichobaki. Alilitazama kidogo, akajiita mjinga, akafunga.

4

Ukumbi ulijaa. Wajane walikaa upande mmoja, wazee upande wa pili wamegeukia ukuta ili wasiwaone wakamwana wao, na katikati Mkurugenzi Mwakajila kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe. Alikuwa amevaa tai. Kwaya haikuwepo, ila ungemwona ungejua aliiomba.

Tusekile akasimama mbele. "Tazameni," akasema, "halafu mfuate." Akaingia chumba cha wanawake, akavuta mlango.

Chumba kilikuwa kidogo, kina harufu ya mbao, na tundu la sauti mbele ya uso. Kwenye kioo cha juu palikuwa na jina lake, na kando yake nafasi tupu iliyosubiri. Alivuta pumzi, akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Ulimi ulikaa mahali pake kama jiwe kisimani. Alijikasirikia. Alijitukana matusi yote aliyowatukania wengine, mjinga, mshamba, akili mgando. Alijikumbusha Bupe, ambaye saa hiyo alikuwa darasani anachora samaki. Akamwona Bupe nje ya kuba. Akajaribu tena, na koo likatoa mlio mdogo wa aibu ambao hakika ulisikika hadi viti vya nyuma. Jasho lilimtoka. Kumbe ile haikuwa mila ya washamba wa kwenye mabeseni. Ilikuwa ndani yake muda wote, imekaa kitako, inamsubiri.

Ndipo akasikia kikohozi upande wa pili wa ubao. Mtu alikuwa ameingia chumba cha wanaume.

"Mama Bupe," ilisema sauti ya mzee.

Nje watu walishtuka kwa pamoja.

"Tangu umeingia kwetu nakuchepukia kwenye ngazi," mzee aliendelea. Alisema taratibu, kama mtu anayetembea kwenye chumba asichokijua. "Mwanangu alipokufa nilitaka kuja, nikaona nitakuvunjia heshima. Nikawa nachepuka kwa mbali zaidi. Nilidhani unaelewa."

"Nilidhani unanidharau, baba," alisema Tusekile. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mtu huyo.

"Mwenye dharau ni wewe," mzee akasema bila ukali wowote. "Lugano alikuwa akinisimulia. Ilikuwa inamchekesha sana."

Tusekile alijikuta anacheka na machozi yanamtoka, vyote kwa pamoja, na hakujua afute kipi.

"Sasa nisikilize. Heshima ile ilikuwa yangu, wewe ulikuwa unanitunzia. Leo nimekuja kuichukua. Nitaje, mwanangu."

Akamtaja.

"Asangalwisye," alisema Tusekile. "Baba mkwe wangu ni Asangalwisye."

Nafasi tupu ikajaa wino. Haikuwa taa ya kijani ya kudanganyia watoto. Lilikuwa jina, limeandikwa, limekaa. Akatoka akiwa hana hata kidogo cha kujivunia, na wanawake walimtazama kwa namna ambayo hawakuwahi kumtazama.

Basi kilichofuata hakikuhitaji hotuba. Wazee walinyanyuka mmoja mmoja kwenda chumba cha wanaume, na kila aliyeingia alisema neno lile lile, nitaje, wengine kwa kunong'ona, mmoja kwa kupiga kelele kwa kuwa alikuwa haisikii vizuri hata sauti yake. Wanawake wakaingia. Wapo waliolia, yupo aliyelitaja jina mbio mbio kama anayeruka moto. Wenye wakwe marehemu walijikaza, na wengi waliweza.

Sekela aliingia mwisho. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, kioo kilikuwa kitupu vile vile.

"Umeshindwa, mama," alisema Mwakajila kwa sauti ya huruma ya kununua.

"Sikushindwa," alisema Sekela. "Nimekataa. Aliyekuwa na haki ya kuniruhusu amekufa. Hao wenzangu wamefanya vyema, wana watoto. Mimi namtunzia mzee wangu heshima yake mpaka nitakapomkuta." Akarudi kwenye kiti chake, akatandaza kanga magotini. Wachache wengine, wakongwe kama yeye, wakaitikia kwa vichwa.

Mwakajila akatazama saa ya ukutani, akamgeukia Tusekile. "Unaona sasa? Mstari mmoja, mama Bupe. Au ukamfagie bibi wa watu kwa mkono wako."

Tusekile akautoa ufunguo. Wote waliuona. Mstari mmoja, na Sekela angelala kwake leo. Mstari huo huo, na kila mwanamke aliyetoka jasho asubuhi ile angerudishwa kuwa kioo. Akatupa macho upande wa wanaume. Shemeji yake Sekela alikuwa ameketi pale, hakugeukia ukuta kama wengine, anasafisha kucha zake kwa njiti. Hakuonekana kuwa na wasiwasi. Kwake yeye njia zote mbili zilifika kwenye vyumba vile viwili, moja leo, nyingine wiki ijayo.

Na yule bibi naye! Tusekile alimtazama kwa hasira. Hivi kweli mtu mzima unakufa kwa ukaidi? Neno moja tu. Neno moja, na asingemweka mtu kwenye mtihani huu. Lakini hasira haikushika. Alikuwa ametoka mle chumbani muda si mrefu, alijua neno moja lina uzito gani.

Akawaza mchoro. Sekela hawezi kuandika. Sekela hana mtoto wa kumwandika. Mtoto ndiye mwenye wino.

Akalijua jibu, akalichukia pale pale.

"Mkurugenzi," akasema, "shika." Akamwekea ufunguo mapajani, kwenye tai yake, akaingia tena chumba cha wanawake. Safari hii aliacha mlango wazi.

Kwenye kioo akaita nafasi ya mama. Anyosisye, likasema jina. Nafasi ni moja. Alisimama akilitazama, na kwa mara ya kwanza hakujiita mjinga.

"Ni jina tu," alijiambia, maneno yake mwenyewe ya kwenye mabeseni.

"Mama," akasema kwa chini, na hakuwa anasema na tundu la sauti. "Nisamehe." Kisha akapaza. "Mama yangu ni Sekela, wa ngazi ya nne."

Lile jina la zamani halikufifia wala kuaga. Lilikuwepo, halafu halikuwepo. Mahali pake pakakaa Sekela, wino mbichi.

"Hii si taratibu!" Mwakajila alikuwa amesimama. "Huwezi kumwandika mtu ambaye hajakuzaa!"

"Soma mchoro," alisema Tusekile, akitoka. "Ukoo hauulizi nani alizaa. Unauliza nani ametamka, na ncha ni ya nani. Ncha ni yangu."

Binti mmoja wa ngazi ya pili, aliyelelewa na majirani na ambaye nafasi yake ya mama ilikuwa tupu tangu utoto, alisimama. Alimwendea mmoja wa wale wakongwe akapiga magoti, wakanong'onezana, kisha akaingia chumbani. Nyuma yake akainuka mwingine. Shemeji aliacha kusafisha kucha.

Sekela alikuwa akimtazama Tusekile mdomo wazi kidogo.

"Wewe," akasema hatimaye. "Nani amekuambia nataka mtoto mwenye mdomo kama huo?"

5

Mchana Ukoo ulizimwa. Lusungo lote lilisimama kimya mbele ya milango iliyofungwa, watu wakisikiliza mlima ukipumua nje ya kuba. Kisha mtambo ukanguruma, ukaamka, na taa za kijani zikaanza kurudi ukutani moja moja. Tusekile hakubaki kuzitazama. Alimpitia Bupe shuleni, akampitia Sekela, ambaye alikuja na beseni lake la kufulia kichwani kwa kuwa, alisema, mabeseni ya watu wengine hayaaminiki.

Mlangoni pa Tusekile Bupe aliweka kiganja, mlango ukafunguka, akaingia, ukajifunga. Tusekile akaweka chake, ukafunguka, lakini hakuingia, ukajifunga. Wakabaki wawili kwenye ngazi.

"Weka mkono," alisema Tusekile.

Sekela alitua beseni chini. Aliutazama mlango, akautazama mkono wake, akaurudisha kwenye kanga.

"Jina la mama yako lilikuwa nani?" aliuliza. "Hilo ulilofuta."

Tusekile alilitaja. "Anyosisye."

"Anyosisye," Sekela akarudia, taratibu, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. "Hilo mimi naweza kulitaja. Nitakuwa nalitaja."

Akaweka kiganja mlangoni. Mlango ulifikiri kidogo, kama milango ya Lusungo inavyofanya kwa mtu mpya, halafu ukafunguka. Sekela hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono kiunoni, akamgeukia yule mhandisi aliyekuwa akijifuta macho kwa mkono wa blauzi ya kazini.

"Mtoto gani huyu," akasema, "tangu asubuhi hajanisalimia?"

"Shikamoo, mama," alisema Tusekile.

"Marahaba. Lete beseni."